Panya wa maabara: swali la Entebbe lililojibiwa ughaibuni

Aprili 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza mpango wa kuondoa hatua kwa hatua sharti la kuzijaribu kwa wanyama dawa zinazotengenezwa kwa kingamwili. Wapo walioipokea habari hiyo kama tangazo la tanzia ya panya wa maabara, hasa yule aliyebadilishwa vinasaba, na kama ilivyo kwenye tanzia wasifu wake ukasomwa upya. Katika wasifu huo panya anazaliwa Marekani, anakulia Uingereza na anatunukiwa Stockholm. Afrika Mashariki haitajwi hata kwa bahati mbaya. Makala haya yanadai kwamba pengo hilo si dogo. Sababu mojawapo nzito ya kumhitaji panya aliyebadilishwa ilijitokeza Entebbe, Uganda, na Newala, Tanganyika, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kujua namna ya kumbadilisha.

Hatua zinazojulikana hazihitaji maneno mengi. Mwaka 1974 Rudolf Jaenisch na Beatrice Mintz waliingiza vinasaba vya kirusi katika viinitete vya panya. Mwaka 1982 Ralph Brinster na Richard Palmiter walionyesha panya waliokua kupita kiasi baada ya kupandikizwa jeni ya homoni ya ukuaji. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Harvard kilipewa hataza ya panya aliyeumbwa apate saratani, na mahakama na ofisi za hataza za nchi kadhaa zikabishana kwa miaka kama mnyama anaweza kuwa mali ya mvumbuzi. Kufikia 1989 ufundi wa kuzima jeni moja iliyochaguliwa ulikuwa umekamilika, na mwaka 2007 Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies wakapata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Tangu 2013, kwa ufundi wa kuhariri jeni uitwao CRISPR, kazi iliyokuwa ikichukua mwaka na zaidi hufanyika kwa majuma.

Turudi nyuma ya hayo yote. Huku mkoani Songwe, Tanzania, kuanzia Ruanda na Vwawa hadi Tunduma, watu wa barabara wanaijua kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Dereva anayepeleka mzigo Lubumbashi anajua kwamba Kongo inaidai. Nyuma ya kadi hiyo yupo panya mdogo mweupe. Mwaka 1930 mtafiti Max Theiler aligundua kwamba kirusi cha homa ya manjano kikidungwa kwenye ubongo wa panya humuua. Mwaka uliofuata watafiti Sawyer na Lloyd wakautumia ugunduzi huo kutengeneza kipimo: maji ya damu ya mtu yanachanganywa na kirusi, panya anadungwa, na akipona maana yake mwenye damu aliwahi kuugua na ana kinga. Kwa kipimo hicho ramani ya homa ya manjano barani Afrika ilichorwa kijiji kwa kijiji. Ndiyo sababu Wakfu wa Rockefeller ukasaidia kuanzisha taasisi ya utafiti wa ugonjwa huo Entebbe mwaka 1936. Panya walifugwa huko kwa wingi, na kwa sababu hiyo Entebbe ikawa mahali ambapo karibu kila homa isiyojulikana ilipimwa kwa kumdunga panya.

Tukio la 1947 linastahili kusimuliwa polepole. Katika msitu wa Zika, kando ya barabara ya Entebbe kwenda Kampala, watafiti walikuwa wameweka nyani wa Kiasia aina ya rhesus katika vizimba juu ya miti, mbu wa vileleni wawaume. Aprili 18 nyani namba 766 alipanda joto hadi nyuzi 39.7. Walikuwa wakitafuta homa ya manjano. Maji ya damu yake yakadungwa kwa panya weupe kwa njia mbili: wengine ubongoni, wengine tumboni. Waliodungwa ubongoni waliugua siku ya kumi. Waliodungwa tumboni hawakuonyesha dalili yoyote. Januari 1948 kirusi kilekile kilipatikana kwa mbu aina ya Aedes africanus waliokamatwa msituni humo, na mwaka 1952 George Dick, Stuart Kitchen na Alexander Haddow wakachapisha taarifa yao. Majina hayo matatu yanakumbukwa. Wakamataji mbu Waafrika, waliokaa usiku kucha kwenye majukwaa ya mitini na miili yao ikiwa chambo, hawakuwekwa kwenye orodha ya waandishi.

Katika taarifa hiyo wengi husoma ugunduzi wa kirusi cha Zika na kuishia hapo. Jambo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni wale panya wa tumboni ambao hawakuugua. Kwa nini kirusi kinachomwingia binadamu kwa kuumwa na mbu kimshinde panya pale tu kinapowekwa moja kwa moja kwenye ubongo? Mwaka 1947 hakuna aliyeweza kujibu, kwa kuwa interferoni, ile protini ya kinga inayoamsha seli dhidi ya virusi, iligunduliwa mwaka 1957. Zika kikaendelea kuhifadhiwa kwa kupitishwa ubongo hadi ubongo wa panya, takriban mara 150, kikazidi kuwa kirusi cha ubongo wa panya na kupungua kuwa kirusi cha watu.

Fumbo hilohilo lilijirudia upande wetu wa mpaka. Mwaka 1952 na 1953 ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo ulizuka katika wilaya ya Newala, Jimbo la Kusini la Tanganyika. Marion Robinson alieleza dalili zake, na R. W. Ross akakitenga Entebbe kirusi tunachokiita leo chikungunya. Panya wachanga waliugua; panya wazima walikistahimili. Kirusi kilichowakunja wakulima wenye nguvu zao kilipita kwa panya mzima bila kumwangusha. Miaka hamsini baadaye, 2004, kilizuka Lamu, kikavuka hadi Réunion na kuugusa karibu theluthi moja ya watu wa kisiwa hicho. Hapo ndipo maabara za Ulaya zilipoona uharaka wa kupata panya anayeugua kama mtu.

Panya huyo alikuwa tayari. Mwaka 1994 walitengenezwa panya wasio na kipokezi cha interferoni. Mwaka 2008 watafiti wa Paris walionyesha kwamba panya mzima wa aina hiyo huugua chikungunya vibaya. Mwaka 2016, Zika ilipotangazwa dharura ya kimataifa baada ya watoto wa Brazil kuzaliwa na vichwa vidogo, maabara kadhaa zilionyesha ndani ya miezi michache kwamba panya hao huugua Zika pia. Jibu la Entebbe likapatikana: kirusi cha Zika huvunja protini ya binadamu iitwayo STAT2, ambayo interferoni huitegemea, lakini hakiwezi kuivunja ya panya. Mwaka 2018 maabara ya Michael Diamond, St. Louis, ikatengeneza panya mwenye STAT2 ya binadamu, na kirusi kikaweza kuenea ndani ya panya ambaye kinga yake haikung'olewa.

Atakayepinga atasema hii ni fahari ya bure, kwamba Afrika Mashariki ilitoa damu na mbu tu, na akili ilikuwa ya wageni. Ni kweli kwamba taasisi iliendeshwa na wakoloni. Lakini anayetoa swali hawezi kuhesabiwa kama mtoa sampuli tu, na swali hili halikuweza kuulizwa Boston, kwa kuwa virusi vyenyewe havikuwako huko. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: panya aliyenyang'anywa kinga si mtu, hivyo matokeo yake yanadanganya. Nalikubali nusu. Panya wa 1994 anaonyesha ugonjwa ulioongezwa chumvi, na kupima chanjo kwa mnyama asiye na kinga kamili kuna mipaka iliyo wazi. Hata hivyo panya wa kawaida alidanganya zaidi, na kwa muda mrefu zaidi. Yule wa 2018 ni hatua ya kusahihisha udanganyifu huo, na kwa magonjwa ya mimba, ambako hakuna atakayewajaribu wajawazito, bado hajapata mbadala wa kutosha.

Kuhusu miaka ya karibuni huku kwetu hakuna mengi ya kusimulia, na hilo lenyewe linasikitisha. Taasisi ya Entebbe, iliyobaki mikononi mwa Uganda tangu 1977, bado inafanya kazi. Nchini Tanzania neno GMO, yaani kiumbe kilichobadilishwa vinasaba, limeishia kwenye mahindi: majaribio ya Makutupora, Dodoma, yaliyoanza 2016 yalisimamishwa na Wizara ya Kilimo mwishoni mwa 2018, na kelele za hadharani zilihusu mbegu. Wakulima wa Mbozi wana haki ya kuuliza kuhusu mbegu. Mnyama wa utafiti anayebaki ndani ya maabara, asiyeliwa wala kupandwa, ni suala jingine na anahitaji mjadala wake. Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine na shirika la APOPO wamewafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, bila kugusa vinasaba vyao. Chuo kilichomudu kumfuga na kumfunza buku hakiwezi kushindwa kufuga panya mweupe. Kilichokosekana ni fedha za kudumu, na wizara itakayokubali kwamba chikungunya ya Newala ingefaa kuchunguzwa pia na watu wa Newala.