Stenlesi Ni Mgeni Jikoni, na Shosho Anajua

Juzi nilikuwa Kaaga kwa shosho, stima imepotea, baridi ya Julai imeingia mpaka kwa mifupa. Nikachukua chupa yangu ya stenlesi ya kubebea chai, kifuniko kimekazwa, nikaisogeza kwa mawe matatu ipate moto. Shosho akaniangalia tu. "Na mvuke utatokea wapi?"

Wasee, sikuwa na jibu. Na mimi ndiye nilikuwa nimewapea video nikisema stenlesi haina shida na moto.

Sasa turudi nyuma kidogo. Wamethodisti walianza misheni yao Kaaga mwaka 1912. Stenlesi ya Harry Brearley kule Sheffield, Uingereza, ilikuja 1913, na jamaa hakuwa hata anafikiria sufuria. Alikuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika haraka. Kwa hivyo hapa kwetu kanisa limetangulia stenlesi. Watu walipikia chungu, na chungu kina masharti: moto wa pole kwanza, na usikimwagie maji baridi kikiwa moto, kitapasuka.

Halafu ikaingia sufuria ya alumini, hizi zinagongwa mpaka leo Kamukunji. (Neno sufuria lenyewe limetoka kwa Waarabu, kwa jina la shaba. Metali ilibadilika, jina likabaki.) Alumini inasambaza joto vizuri sana, lakini inayeyuka kwa digrii 660, na makaa yakipulizwa yanapita hapo. Ndiyo maana ukiacha sufuria tupu motoni kwa shosho utasikia jina lako mpaka barabarani.

Stenlesi haiyeyuki mpaka karibu digrii 1,400, na hapo ndipo inatudanganya. Inapitisha joto vibaya, kama mara kumi na tano chini ya alumini. Ndimi za moto zikipiga mahali pamoja, hapo uji unashika na kuungua huku pembeni bado ni vuguvugu. Weka maji kwanza, tumia makaa yaliyotulia, koroga. Ile rangi ya upinde wa mvua inayotokea chini si sumu, ni ngozi ya kromiamu imekuwa nene. Siki inaitoa.

Lakini chupa ya kuta mbili, ile inayotunza joto, usiiweke motoni hata ukiwa umefungua kifuniko. Hewa au maji yakiwa yamepenya katikati ya kuta, yakipata moto yanapanuka, hayana mlango, na chuma kinapasuka mbele ya uso wako. Ya ukuta mmoja, sawa, kifuniko kikiwa kimetoka kabisa na maji yako ndani.

Yangu ilikuwa ya kuta mbili. Manze, na imefungwa.

Tunapenda kusema wazee hawaelewi vitu vipya. Huyu mama amepikia chungu, akahamia alumini, sasa ana stenlesi mbili za harusi kabatini, na kila mara amejifunza moto upya. Mimi nilisoma kibandiko tu.

Ile video nimeifuta. Chai tulipasha kwa sufuria yake nyeusi, ile haina mkono mmoja.