Kiporo Kilichopata Ukoko: Historia ya Hashi Brauni

Hashi brauni ni chakula cha asubuhi cha Wamarekani, kinachotengenezwa kwa viazi mviringo vilivyokatwakatwa au kukwaruzwa, vikatandazwa kwenye kikaango chenye mafuta na kuachwa hadi upande wa chini ufanye ganda kavu la rangi ya dhahabu, ambalo yeyote aliyekulia kwenye wali wa sufuria asingesita kuliita ukoko. Siku hizi chakula hicho huuzwa kikiwa kimegandishwa katika maduka makubwa, na wanaojaribu kukipika nyumbani kwa viazi vibichi mara nyingi huambulia rojo la kijivu linalong'ang'ania chombo. Historia yake ikifuatwa tangu mwanzo, huonekana kwamba wapishi wa awali hawakusumbuliwa na balaa hilo, kwa kuwa hawakuanza na kiazi kibichi. Walianza na kiporo.

Jina lenyewe linadokeza hivyo. Hashi limetokana na kitenzi cha Kifaransa hacher, yaani kukatakata, chenye undugu na neno la lugha hiyo lenye maana ya shoka. Waingereza, na baadaye Wamarekani, walilitumia kwa nyama iliyobaki ambayo ilikatwakatwa na kupashwa upya, hata katika Marekani ya karne ya 19 mkahawa wa bei nafuu ukawa unaitwa, kwa kejeli kidogo, nyumba ya hashi. Brauni ni rangi ya kahawia tu. Hapo mwanzo maneno hayo mawili yalikuwa maelezo ya namna viazi vilivyopikwa, kabla ya matumizi ya kila siku kuyafupisha yakawa jina la chakula.

Kiazi nacho kilifika Marekani kwa njia ya mzunguko. Wenyeji wa milima ya Andes, hasa kandokando ya Ziwa Titicaca lililo kati ya Peru na Bolivia za leo, walikilima kwa maelfu ya miaka. Wahispania wakakivusha Atlantiki katika karne ya 16, na kwa maelezo yanayotajwa zaidi kikarudi upande wa pili wa bahari mwaka 1719, pamoja na walowezi wenye asili ya Uskoti waliotoka Ireland wakapiga kambi Londonderry, New Hampshire. (Neno mbatata linalosikika katika pwani ya Afrika Mashariki ni mtoto wa batata ya Kireno, ambayo mizizi yake iko katika visiwa vya Karibi na ambayo kwanza ilikuwa jina la kiazi kitamu, si la kiazi mviringo.)

Maandishi ya mwanzo yanayotajwa kuhusu hashi brauni ni ya Maria Parloa, mwalimu wa upishi wa New England aliyewahi kuwa mpishi wa hoteli, ambaye katika kitabu chake cha jikoni cha mwaka 1887 alieleza viazi vilivyochemshwa vikapoa, vikakatwakatwa, vikakaangwa na hatimaye kukunjwa kama kimanda. Katika miaka ya 1890 chakula hicho kilikuwa kimeingia kwenye orodha za kifungua kinywa za New York, na mwaka 1896 Fannie Farmer wa Shule ya Upishi ya Boston akakipa maelekezo yaliyopimwa kwa vikombe na vijiko, kama ilivyokuwa desturi yake: mafuta ya nguruwe yayeyushwe kikaangoni, vitiwe vikombe 2 vya viazi baridi vilivyokatwa vidogovidogo pamoja na pilipili manga, vikorogwe bila kupumzika kwa dakika 3, kisha viachwe vitulie hadi chini pawe kahawia. Maelekezo hayo ni mafupi mno, na siri yote imejificha katika maneno mawili: baridi na viachwe.

Kiazi kibichi ni maji kwa takriban asilimia 80. Maji yakiwamo kikaangoni, joto la kile kinachopikwa hukwama karibu na nyuzi 100 za Selsiasi mpaka yawe yamekwisha kuwa mvuke, ilhali rangi ya dhahabu na harufu yake ya kuvutia huletwa kwa kasi na joto la kuanzia nyuzi 140 hivi, kwa badiliko la kikemia kati ya sukari na asidi za amino, ambazo ni vijenzi vya protini, lililoelezwa mwaka 1912 na Mfaransa Louis Camille Maillard na likabaki na jina lake. Kiazi kilichochemshwa kikalala usiku kucha kimeshapitia hatua muhimu: chembe za wanga zilivimba zilipopikwa, na zilipopoa nyuzi zake zikajipanga upya zikakaza, hivyo vipande havimwagi uji wa wanga vinapokatwa na uso wake umekauka kiasi. Mpishi wa Boston hakuhitaji kumjua Maillard. Alichohitaji ni kutokuwa na pupa na mwiko, kwa maana viazi vinavyogeuzwageuzwa kila mara havigusi chuma kwa muda wa kutosha kufanya ukoko.

Hekima hiyohiyo inapatikana Uswisi, ambako rösti, chapati nene ya viazi vilivyokwaruzwa, ilikuwa kifungua kinywa cha wakulima wa jimbo la Bern na hupikwa na wengi kwa viazi vilivyochemshwa siku iliyotangulia. Waswisi wamekithamini chakula hicho hata mpaka usioonekana kati ya wasemao Kijerumani na wasemao Kifaransa nchini humo huitwa handaki la rösti.

Huko Marekani, njia ya kiazi kibichi ilipata nguvu kadiri kilivyopatikana kiazi kinachoifaa. Kijana wa Massachusetts aliyeitwa Luther Burbank alikuta tunda la mbegu kwenye shina la kiazi mwaka 1872, akapanda mbegu zake 23, akachagua mche mmoja uliozaa vizuri kuliko yote, na mwaka 1875 akauza haki za aina hiyo kwa dola 150, akahamia California. Baadaye ulijitokeza uzao wake wenye ganda la kukwaruza na wanga mwingi, unaojulikana kama Russet Burbank, na huo ndio uliolipatia jimbo la Idaho sifa yake. Kiazi cha namna hiyo kikikwaruzwa kibichi hutoa nyuzi ndefu zinazokauka vizuri, ila kwa masharti: zioshwe kwa maji baridi mpaka maji yasiwe meupe, ili wanga wa juu usigeuke gundi, kisha zikamuliwe kwenye kitambaa safi kwa nguvu ileile ya anayekamua tui kwa kifumbu, kwani tone lililobaki litakuwa mvuke, na mvuke huchemsha badala ya kukaanga. Baada ya hapo zitandazwe tabaka jembamba kwenye mafuta yaliyopata moto, chombo kisifunikwe, zigeuzwe mara moja tu.

Viwanda viliondoa kazi hiyo mikononi mwa watu. Ndugu Nephi na Golden Grigg walianzisha kampuni ya Ore-Ida mwaka 1952 mpakani mwa Oregon na Idaho, na mwaka uliofuata wakabuni vidonge vya viazi vinavyoitwa Tater Tots kutokana na masalia ya chipsi ambayo hadi wakati huo yalikuwa chakula cha mifugo. Yaani kiwanda nacho, kwa njia yake, kilirudi kwenye makombo.

Tahadhari ya mwisho ililetwa na watafiti wa Sweden mwaka 2002, walipotangaza kwamba vyakula vya wanga vinavyokaangwa au kuokwa kwa moto mkali hufanya akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani, nayo huongezeka rangi inapopita dhahabu kuelekea weusi. Hapo suala la uhifadhi linaingia. Kiazi kibichi kinapowekwa kwenye baridi ya friji hubadili sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na sukari hiyo hukifanya kiungue upesi kabla hakijakauka na kuongeza akrilamaidi, wakati kiazi kilichochemshwa hakina tena uwezo wa kufanya badiliko hilo. Ndiyo maana viazi vya hashi brauni vya kesho asubuhi huchemshwa jioni vikiwa na maganda yake, vikapoa, ndipo vikaingizwa kwenye friji, na vile vibichi vikabaki kwenye kikapu, mahali penye giza na hewa.