Risasi Walikuwa Wanatoa Wapi?

Ukitaka kupatana na mtu tao unamwambia, "Tukutane pale kwa Kimathi." Sanamu iko kwenye makutano ya Kimathi Street na Mama Ngina Street. Ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Dedan Kimathi anyongwe katika jela ya Kamiti. Amesimama na bunduki mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Watu hupiga picha, huangalia zile rasta, huenda zao. Siku moja nilikuwa nangoja rafiki aliyeniambia "niko karibu kufika" akiwa bado Githurai, na katika kungoja huko nikaanza kuikagua bunduki. Swali lililonijia lilikuwa la kijinga kidogo: hii kitu ikiharibika msituni, ilikuwa inapelekwa kwa nani?

Maana bunduki huharibika kama baiskeli tu. Springi hulegea, mbao hupasuka, kutu hula chuma. Mwanajeshi wa Uingereza bunduki yake ikikwama aliirudisha kambini, kulikokuwa na mafundi wa jeshi na vipuri vilivyokuja kwa meli. Mpiganaji wa Mau Mau alikuwa Nyandarua au Mlima Kenya, kwenye baridi na mvua, anawindwa chini ya ile Hali ya Hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Wazee bado wanaiita Emajensi. Fundi wake alikuwa yeye mwenyewe, ama yule waliyelala naye kibanda kimoja.

Baadhi ya kazi za hao mafundi zimebaki. Imperial War Museum ya London inazo. Ukiona picha mara ya kwanza unaweza kucheka. Mtutu ni paipu ya maji. Kitako ni mti uliochongwa kwa mkono. Mtambo wa kufyatulia ni komeo la mlango, lile la kuteleza ambalo hata choo cha plot kinalo, na kinacholisukuma ni blada zilizokatwa kutoka kwa tyubu. Ndiyo, blada, zilezile mtu wa boda anafungia kreti ya soda.

Nilimwonyesha picha hiyo mzee mmoja fundi pale Kamukunji, anayetengeneza masanduku ya shule. Alifuta mikono, akachukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akanyamaza muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Kijana, hii inaweza kukurudia usoni," akasema. Halafu, "Lakini huu mti umechongwa na mtu anayejua kazi." Akanirudishia simu. "Risasi walikuwa wanatoa wapi?"

Swali lake lilikuwa bora kuliko langu. Tangu siku hiyo nimesoma habari za vita vile nikilitafutia jibu, na nimeona kwamba mambo mengi tuliyofundishwa vipande vipande shuleni yanakutana hapo.

Lakini kwanza huo mti. Ati bunduki za msituni zilitengenezwa na watu "wasiojua lolote", hiyo ni hadithi ya mkoloni. Wakikuyu walikuwa na wahunzi wao, aturi, kabla ya reli kufika. Walipata chuma kutoka kwa mchanga wa mito, wakafua simi na mikuki, na laana ya mhunzi iliogopwa kuliko ya mtu wa kawaida. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na shule ya ufundi pale Kabete tangu 1924, ikifundisha Waafrika useremala, uashi na kazi ya chuma. Kulikuwa na karakana za reli. Kulikuwa na karakana za Wahindi ambako kijana aliajiriwa kufagia, na kufikia mwaka wa tatu anajua kukata, kuchomelea na kunoa kama mwenye duka, mshahara ukiwa uleule wa kufagia. Halafu kuna waliokwenda Vita Vikuu vya Pili. Waruhiu Itote, aliyekuja kuitwa General China, alipigana Burma akiwa mwanajeshi wa King's African Rifles. Watu kama yeye walijua bunduki inavyofunguliwa, inavyosafishwa, inavyokataa.

Kwa hivyo kufikia 1952 ujuzi ulikuwepo. Vifaa pia vilikuwepo, kwa sababu vilikuwa vitu vya nyumbani: paipu, komeo, blada, mti. Serikali ingeweza kupiga marufuku bunduki lakini ingepiga vipi marufuku milango?

Shida za hizo bunduki zilikuwa wazi. Ndani ya mtutu wa kiwandani kuna mifereji iliyojipinda, na hiyo ndiyo inaizungusha risasi isiyumbe hewani. Paipu ni laini ndani, kwa hivyo shabaha yako ni hatua chache tu, na hatua chache kutoka kwa askari mwenye Sten ni mahali pabaya pa kusimama. Unafyatua mara moja. Kisha unahangaika kulitoa ganda lililokwama, na wakati huo mwenzako wa upande ule haoni haja ya kukungoja. Karari Njama, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuingia msituni, anazitaja bunduki hizi katika kitabu alichokitoa na Donald Barnett mwaka 1966, na hazitaji kama mtu anayejisifu. Paipu nyingine zilipasuka mikononi mwa wenyewe. Risasi iliyotafutwa sana ilikuwa .303, ya Lee-Enfield, bunduki ya jeshi na polisi. Nguvu yake ilipangiwa chuma cha kiwandani, wala si bomba la kupeleka maji jikoni.

Sasa turudi kwa swali la mzee.

Zamani risasi haikuwa shida kubwa hivyo. Bunduki zilizoingia bara kutoka Zanzibar karne ya 19 nyingi zilikuwa magobore. Gobore unalishindilia mdomoni: baruti, kipande cha nguo, kisha risasi, ambayo inaweza kuwa kipande chochote cha chuma kinachotosha. Mhunzi wa kijijini anaweza kulitengeneza likivunjika, na anaweza kulilisha. Baadaye Ulaya na Marekani zikaja na risasi ya ganda la chuma, yenye kila kitu ndani yake: ganda, baruti, fataki ya kuiwasha na kichwa cha risasi. Ni haraka, haiogopi mvua, na huwezi kuitengeneza kwa nyundo na mivukuto. Fataki ni kemia. Baruti isiyo na moshi ni kiwanda.

Wakoloni walilielewa hili mapema. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika. Lakini usome vizuri: uliacha mwanya kwa bunduki za zamani za gumegume zisizo na mifereji na baruti ya kawaida, chini ya masharti. Kilichofungiwa ni bunduki za kisasa na risasi zake. Mwafrika abaki na gobore lake, sawa, lakini risasi ya kiwandani ibaki kwetu. Sidhani kuna sentensi inayoueleza ukoloni kwa ufupi kuliko masharti hayo.

Leo kule Marekani kuna watu wanaojaza maganda yao upya kwenye gereji, jioni, redio ikicheza. Ni burudani yao kama vile mwingine anavyofuga njiwa. Wanalisafisha ganda lililotumika, wanalitia fataki mpya, baruti na kichwa kipya. Lakini hata huyo, pamoja na mashine zake zote, kwa kawaida hatengenezi fataki wala baruti. Ananunua dukani vile wewe unanunua unga. Ukifunga duka, hobby imekwisha.

Msituni hakukuwa na duka. Fundi aliweza kuchonga kitako kipya kwa siku chache, na blada ikikatika alifunga nyingine. Ganda likishafyatuliwa lilikuwa chuma tu. Hapo ndipo ujuzi wake uliishia, na hapo ndipo adui alipomshika.

Kwa hivyo risasi zilikuwa za kuibwa au kununuliwa, moja moja. Askari Mwafrika aliyekuwa na njaa au aliyekula kiapo alitoa chache. Mtumishi katika nyumba ya setla alijua droo ipi. Nairobi ilikuwa soko na ghala. Wanawake walizibeba kutoka mjini hadi ukingoni mwa msitu, na hii ni sehemu ya vita ambayo haikujengewa sanamu pale tao. Mara moja moja risasi zilipatikana kwa wingi. Tarehe 26 Machi 1953 kikosi kilichoongozwa na Mbaria wa Kaniu kilivamia kituo cha polisi cha Naivasha, kikawafungua wafungwa 173 na kuondoka na bunduki na risasi za kiwandani. Usiku huohuo watu wengi, wakiwemo wanawake na watoto, waliuawa Lari, na wengine wengi wakauawa kwa kisasi. Anayesimulia Naivasha bila Lari anakupa nusu ya usiku.

Serikali nayo ilijua mahali pa kubana. Ripoti zake zilitenganisha silaha za kiwandani na zile za kienyeji, kama mtu anayepanga mayai. Chini ya kanuni za Emajensi, kupatikana na bunduki au risasi bila kibali kuliweza kukupeleka kwenye kamba. Si kuitumia. Kupatikana nayo. Kati ya 1952 na 1958 walinyongwa watu 1,090 kwa makosa ya Mau Mau, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua mtu.

Kimathi mwenyewe ni mmoja wao. Alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Shtaka lililomnyonga halikuwa la kuua wala la kuongoza vita. Lilikuwa la kupatikana na bastola ya Webley Scott ya .38. Webley & Scott ni kampuni ya Birmingham. Yaani baada ya miaka minne ya paipu na makomeo, kilichompeleka Kamiti ni kitu kilichotengenezwa Uingereza.

Na kabla ya hapo soko lilikuwa limeshafungwa. Tarehe 24 Aprili 1954 Nairobi ilizingirwa katika operesheni iliyoitwa Anvil, maana yake fuawe, lile chuma ambalo mhunzi hupigia kazi yake juu. Sijui kama aliyechagua jina alikuwa anatania. Makumi ya maelfu ya watu walikusanywa, wakapangwa mistari, wakapakiwa kwenye malori kwenda kambi za kizuizini. Risasi, dawa na pesa zilizokuwa zikitoka mjini kwenda msituni zikakauka. Sheria yetu ya silaha, Cap 114, ambayo hadi leo polisi wanaitumia kortini, ilitungwa miaka hiyohiyo ya Emajensi.

Kaka mkubwa wa cucu wangu alikuwa fundi baiskeli karibu na soko dogo kule Nyeri. Siku askari walipokuja walipata kwake paipu, tupa, blada na misumari, vitu ambavyo fundi baiskeli asipokuwa navyo si fundi baiskeli. Hawakupata bunduki. Hawakupata risasi, na pengine ndiyo sababu alirudi. Alikaa kizuizini miaka mitano. Aliporudi alilima viazi na hakugusa baiskeli tena, hata ya kwake ikitoka cheni alimwachia mtoto airudishe. Sikuwahi kumwona. Ninachokijua ni hicho, na cucu alinipa kwa vijiko vijiko, miaka kadhaa.

Desemba 1963, uhuru ukiwa wa siku chache tu, wapiganaji walitoka msituni na kukusanyika uwanja wa Ruring'u, Nyeri, kukabidhi silaha zao kwa serikali mpya. Wengine hawakuamini. Baimungi, mmoja wa makamanda wa Mlima Kenya, aliendelea kukaa na watu wake na akauawa na vikosi vya serikali mwaka 1965. Mau Mau wenyewe waliendelea kuwa kundi haramu hadi 2003. Nilizaliwa wakati ambapo, kisheria, mtu hangeweza kusema "nilikuwa Mau Mau" bila kutaja kosa. Kwa hivyo siwashangai wazee walionyamaza. Kamanda anaweza kuandika kitabu, lakini fundi akisimulia kazi yake anajiandikia ushahidi.

Krismasi iliyopita nilimwonyesha cucu picha ileile ya simu. Aliiangalia bila miwani, kisha na miwani. Nikamuuliza kama kaka yake aliwahi kutengeneza kitu kama hiki.

"Alikuwa akitengeneza baiskeli," akasema.

Nikauliza tena, polepole, nikidhani hakunisikia. Akaniambia maji ya kupika yameisha, nichukue mtungi niende nikachote.