Majina ya Kukosea Juu ya Kisiki

Itumbe, kando ya mashamba ya majani chai, kisiki cha saiprasi hakimshangazi mtu. Ni mti wa boma na wa mbao, tumeuzoea mpaka tunaudhania wa kwetu. Kumbe asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Hata jina lake la kisayansi, Cupressus lusitanica, linapotosha: maana yake ni saiprasi ya Ureno. Philip Miller, msimamizi wa bustani ya Chelsea kule London, aliuandika hivyo mwaka 1768, kwa sababu Wazungu waliufahamu kupitia bustani za Ureno.

Sasa hebu tazama uyoga unaoota hapo. Kofia za rangi ya asali zimesongamana, mashina yana pete? Mtaalamu wa enzi za ukoloni angesema mara moja: Armillaria mellea. Jina la Ulaya tena. Baadaye vinasaba vilionyesha kwamba kuvu wengi wa Afrika walioitwa hivyo ni wa aina nyingine, wenyeji wa huku. Mellea halisi iliripotiwa mwaka 2001 katika bustani ya Cape Town iliyoanzishwa na Waholanzi mwaka 1652, na inadhaniwa ilifika na miche yao.

Kwa mkulima, hili si suala la majina tu. Kuvu hii iliishi kwenye mizizi ya miti ya asili. Msitu ulipofyekwa, visiki viliilisha, nayo ikavuka hadi mizizi ya misonobari na michai iliyopandwa pale. Mchai unakauka, mwenyewe analaumu jua, mbolea, ama jirani.

Tena ukingoja uyoga utachelewa, maana huku kwetu hauchomozi mara kwa mara. Bambua gome chini kabisa, karibu na udongo. Ukikuta utando mweupe unaonukia uyoga, umeipata.

Miaka ya 1930, R. Leach, mtafiti aliyekuwa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, alipendekeza miti ibambuliwe gome kuzunguka shina kabla ya kukatwa. Mizizi huishiwa wanga, na kuvu hukosa chakula.

Kwa hivyo ukikata saiprasi upande chai, usihesabu mbao peke yake. Ng'oa kisiki pamoja na mizizi. Mti ulikuja juzi. Kuvu ilikuwa inakungoja.