Ghuba ya Gazi

Ghuba ya Gazi ni hori la kina kifupi katika Kaunti ya Kwale, Kenya, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Mikoko, nyasi bahari na matumbawe hufuatana hapo kwa karibu sana, na kwa hiyo ghuba hii ndogo imechunguzwa kuliko nyingi zilizo kubwa kuliko yenyewe. Maji matamu huletwa na mito Kidogoweni na Mkurumuji.

Kati ya aina za mikoko, mlilana na mkoko wenyewe hutangulia baharini, mkandaa hukaa nyuma. Mchu huvuruga mpango huo: humea mbele kabisa kwenye maji, kisha huibuka tena mpakani mwa nchi kavu.

Watafiti wameshughulishwa zaidi na majani yanayopukutika. Kaa huyaburuta hadi mashimoni mwao, na konokono aitwaye tondo (Terebralia palustris) huyagombania. Tondo hunusa hewani jani linaloliwa na wenzake, akalifuata. Wakishalirundikia wengi, kaa hana tena nguvu za kulivuta. Huo ni ushirika wa ajabu, maana kila mmoja amefuata tumbo lake.

Masalia huchukuliwa na maji. Zamani ilidhaniwa kwamba mikoko hulisha bahari yote iliyo mbele yake. Mwaka 1994 M. A. Hemminga na wenzake walichapisha matokeo ya kupima kaboni-13, ambayo ni haba zaidi katika majani ya mikoko kuliko katika nyasi bahari. Kwa kipimo hicho asili ya chembe hujulikana. Ilionekana kwamba masalia ya mikoko hunaswa na nyasi zilizo jirani, na matumbawe hayapati kitu cha kutajika. Zaidi ya hapo, maji yajaapo huingiza msituni mabaki ya nyasi zenyewe. Biashara, basi, ni ya pande mbili.

Katika miaka ya 1970 mikoko mingi ilikatwa iwe kuni za kuchomea chokaa na matofali. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, KMFRI, ilianza kupanda upya mwaka 1991, na kwa kuwa umri wa miti hiyo unajulikana, imekuwa rahisi kupima kasi ya ukuaji wake. Vipimo vya aina hiyo ndivyo vilivyowezesha Mikoko Pamoja, mradi unaouza hifadhi ya kaboni ya hekta 117 tangu 2013. Mapato hugharimia maji na shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, imeanzisha mradi kama huo.