MV Liemba na Suala la Meli Kugeuzwa Makumbusho: Historia na Istilahi katika Ziwa Tanganyika

Katika makumbusho yanayoelea, chombo ndicho jengo, na chombo hichohicho ndicho kinachoonyeshwa. HMS Belfast, iliyoshushwa majini mwaka 1938, imepokea wageni katika mto Thames, London, tangu mwaka 1971. Mgeni huteremka ngazi nyembamba hadi vyumba vya injini, na hapo hutambua jinsi mabaharia walivyobanana. Cutty Sark, kwa upande wake, imekaa nchi kavu Greenwich tangu mwaka 1954. Gharama za njia hizi mbili hazifanani. Meli inayoelea huliwa na kutu chini ya mstari wa maji, hivyo haina budi kupandishwa chelezoni kila baada ya muda; ya nchi kavu huelemewa na uzito wake yenyewe.

Afrika Mashariki ina chombo kinacholeta mjadala huu nyumbani. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli kuelekea Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wakati wa kurudi nyuma, baada ya kuzipaka injini grisi ili zisiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo David Livingstone alilisikia kusini mwa ziwa mwaka 1867. Ni nadra jina la wenyeji kulifuta la mtawala kwenye ubavu wa meli, tena kwa uamuzi wa mtawala mwingine.

Kwa miongo mingi Liemba ilisafiri kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Vijiji vingi vya njiani havina gati. Abiria, magunia na dagaa vilipakiwa kutoka kwenye mitumbwi iliyoisogelea meli katikati ya maji. Mwaka 2015 iliwabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga. Historia hiyo haimo kwenye vyuma pekee.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia. Neno meli lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la barua, kwa sababu ya meli za posta. Manowari nalo ni la Kiingereza, na merikebu ni la Kiarabu. Omo, tezi, mkuku na mataruma ni istilahi za vyombo vya pwani. Ni zipi kati ya hizo zilizofika ziwani, na mabaharia na wapagazi wa Kigoma walivitaja vipi vyumba na mitambo ya meli ya chuma? Vibao vya makumbusho vikitafsiriwa kutoka michoro ya kiwandani, msamiati huo utapotea, ilhali waliofanya kazi humo bado wanaweza kuhojiwa. Kazi hiyo yapasa kutangulia rangi na samani.

Lipo pia jambo la maji yenyewe. Kina cha Ziwa Tanganyika kilipanda sana kuanzia mwaka 2020 na kuathiri bandari za Kigoma na Bujumbura. Meli iliyofungwa kudumu itahitaji gati linaloweza kupanda na kushuka pamoja na ziwa, na gharama hiyo huanza kabla ya mgeni wa kwanza kukata tiketi.