Uhalifu wa chuki: Namna ya kumsaidia mwathiriwa kwa staha

Mwezi Septemba 2009, baada ya serikali ya Uganda kuzuia ziara ya Kabaka wa Buganda wilayani Kayunga, ghasia zilizagaa jijini Kampala na kituo cha polisi cha Nateete kikachomwa moto. Katika baadhi ya barabara za jiji, wapita njia walisimamishwa na kutakiwa kuimba wimbo wa Buganda. Walioshindwa walipigwa, kwa kuwa tu walidhaniwa si wenyeji.

Nateete, katika tarafa ya Rubaga, ni makazi ya Waganda, ya watu wa mikoa mingine na ya wakimbizi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi. Wengi wa wageni hao hutambulikana mara tu wanapozungumza Kiswahili.

Uhalifu wa chuki ni nini?

Ni kosa la jinai, kama kupiga, kutisha au kuharibu mali, linalomlenga mtu kwa sababu ya kabila, taifa, dini au maumbile yake. Mwizi hutaka simu, hata iwe ya nani. Mwenye chuki humtaka mtu mwenyewe. Ndiyo maana mmoja akipigwa, hofu huwaingia wote wanaofanana naye.

Maneno ya kwanza

Mara nyingi shambulio huanza kwa swali: "Wewe ni wa wapi?" Msaada usianze kwa swali hilo hilo. Muulize: "Umeumia? Uko salama? Ungependa nimwite nani?" Kisha msikilize bila kumkatiza. Kumuuliza kwa nini alipita njia ile ni kumtwika lawama. Usimhimize kusamehe, wala usisambaze picha zake bila ridhaa. Uamuzi wa kushtaki au kutoshtaki ni wake.

Akihitaji mkalimani

Mtoto wake asitwishwe kazi hiyo. Mkimbizi aulizwe kwanza kama anamridhia mkalimani, kwani huyo aweza kuwa wa kundi alilolikimbia. Matusi yatafsiriwe jinsi yalivyotamkwa; kuyalainisha kwa kuona haya ni kufuta ushahidi wa chuki.

Polisi na sheria

Simu ya dharura ni 999 au 112. Aliyejeruhiwa aombe fomu namba 3 ya polisi, ambayo mganga huijaza baada ya kumpima. Maneno ya mshambuliaji yaandikwe katika maelezo yake. Askari wengi hufundishwa Kiswahili, nacho ni lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya 2005.

Ibara ya 21 ya Katiba ya 1995 inakataza ubaguzi, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kutendewa bila ubaguzi. Kanuni ya Adhabu nayo inafanya kuwa kosa kuchochea chuki kwa misingi ya dini au kabila. Malalamiko ya ukiukaji wa haki hupokelewa na Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda. Wakimbizi huweza pia kupata ushauri wa kisheria kwa Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoanzishwa 1999.

Akikubali kwenda kituoni, msindikize. Huko ataulizwa tena jina, kabila na alikotoka. Maswali hayo ni ya lazima, lakini aliyepigwa kwa sababu ya majibu yake hapaswi kuyajibu akiwa peke yake.